Ulaya kipindi cha baridi: chagua nyumba ya wageni kwa joto lake, sio kwa picha (Salzburg na Vienna, Austria)

kibosho_juu (mleta uzi):

Wakuu habari za humu. Kila mwaka ikikaribia Desemba naona watu wanauliza habari za kwenda Ulaya na maswali karibu yote ni viza na nauli, sehemu ya kulala inakuja mwishoni kabisa, mtu anabonyeza ya bei ya chini basi kamaliza. Leo nataka niongelee hiyo sehemu ya kulala tu, maana kwa baridi ile chumba ndo nusu ya safari yako. Mwezi wa saba kule kweupe mpaka saa 3 usiku, unaweza kulala popote kwa sababu chumbani unaenda kufumba macho tu. Januari pale Salzburg jua linachomoza karibu saa 2 asubuhi, na ikifika saa 10 na nusu jioni limeshazama, sasa piga hesabu masaa utakayokuwa ndani. Kama chumba ni cha baridi, au uko hosteli mmelala wanane, masaa yote hayo yanakuwa adhabu na hela yako umelipa.

Mke wangu alikuwa na mkutano wa kazi Vienna mwezi wa kwanza, nikaomba likizo tukaunganisha na matembezi ya kwetu wenyewe Salzburg. Bajeti ilikuwa ya watu wa kawaida, hatukuwa na hela ya hoteli za mjini kati. Tukaamua nyumba za wageni za familia, kule ziko za aina mbili utakazokutana nazo sana, Gasthof yenye mgahawa chini na vyumba juu, na Pension ambayo ni vyumba na kifungua kinywa tu. Salzburg tulilala Pension upande wa Moosstraße, huo ni mtaa mrefu unaotoka mjini kuelekea kusini, umenyooka kabisa, pembeni mashamba na nyumba za familia nyingi zinapokea wageni, na mbele yako unauona mlima Untersberg umesimama. Basi namba 21 inapita hapo. Chumba cha watu wawili na kifungua kinywa tulilipa chini ya euro 90 kwa usiku, na hoteli za karibu na Kanisa Kuu siku hizo hizo zilikuwa zinadai karibu mara mbili.

Kuhusu bei, tarehe 6 Januari kule ni sikukuu, siku ya wafalme watatu, ikishapita hiyo watu wanarudi makazini na bei zinashuka. Hapo ndo dirisha lako. Salzburg zinapanda tena mwishoni mwa Januari maana Mozart alizaliwa pale tarehe 27 Januari 1756 na kila mwaka wanamfanyia wiki nzima ya muziki, halafu Februari ni likizo za shule, familia zote zinapanda milimani kuteleza kwenye theluji na vyumba vinajaa. Desemba usiniulize, yale masoko ya Krismasi yanajaza mji mpaka unashindwa kutembea.

Sasa nyumba yenyewe. Ukiingia mlangoni kuna kibaraza kidogo unavua viatu, vile vya nje vinabaki hapo kwenye trei ya plastiki theluji iyeyukie humo, unavaa ndala za ndani. Mama mwenye nyumba ni wa makamo, Kiingereza chake cha kuunga unga ila mnaelewana, akatupandisha juu akatuonyesha chumba kwa mpangilio kabisa, na kitu cha kwanza hakutuonyesha kitanda wala tivii, alikwenda moja kwa moja kwenye redieta. Ni lile bomba bapa la chuma chini ya dirisha, pembeni lina kitasa cha kuzungusha chenye namba 1 mpaka 5. Akakizungusha mpaka 3 akasema hapo panatosha, chumba kitakaa kwenye nyuzi kama 20. Na ndivyo kilivyokuwa. Wengi wetu tukifika tunakizungusha mpaka 5 tukidhani chumba kitapata moto haraka, lakini ile namba ni ya joto la mwisho utakalofikia, haiharakishi kitu, utaamka usiku wa manane umelowa jasho koo limekauka.

Asubuhi alikuwa anapanda kutandika, anafunga redieta kwanza, halafu anafungua dirisha wazi kabisa na nje ni nyuzi 6 chini ya sifuri. Mke wangu siku ya kwanza alishtuka. Dakika kama tano hivi, anafunga, anarudisha redieta. Akatueleza watu wakilala pumzi inabaki chumbani, unyevu unaganda kwenye kuta za baridi na ukuta unaota ukungu, na hewa kavu mpya inapata joto haraka kuliko hewa yenye unyevu. Tukaanza kufanya wenyewe na kweli chumba kinakuwa chepesi, hata usingizi unabadilika.

Kitanda ni cha watu wawili lakini kila mtu ana duveti lake limekunjwa juu ya mto wake. Hakuna kuvutana usiku. Mimi napendekeza hata huku kwetu maeneo ya baridi, Lushoto, Njombe, Marangu, wenye nyumba za wageni waige hili jambo, ni bora sana.

Kifungua kinywa kuanzia saa 1 mpaka saa 4 asubuhi. Vimkate vya mviringo vya moto anavileta mwokaji, siagi, jamu ya aprikoti, jibini, nyama baridi, mtindi, na yai la kuchemsha ambalo limevalishwa kofia ndogo ya kufumwa kwa sufu ili lisipoe. Kofia za mayai amefuma mwenyewe, kila moja rangi yake. Kahawa jagi zima mezani. Ukila pale vizuri saa 3 asubuhi, mchana unapita na supu tu, na hapo ndo unapookoa hela kuliko kwenye bei ya chumba, sababu chakula cha kukaa mgahawani kule kinamaliza mfuko haraka.

Kabla ya kulipa popote pale waandikie meseji. Waulize joto linawaka usiku kucha au mtambo unapunguzwa usiku, maana nyumba nyingine boila inashushwa kuanzia saa 4 usiku mpaka alfajiri. Uliza bafu liko ndani ya chumba au kwenye korido. La korido ni bei nafuu na ni safi, lakini kutoka bafuni umelowa kupita kwenye korido ya baridi kwa mtu aliyetoka Dar sio kitu cha kudharau. Uliza wanapokea wageni mpaka saa ngapi, hizi nyumba hazina risepsheni ya masaa 24, nyingi mwisho saa 12 jioni au saa 2 usiku, ukichelewa wanakuachia ufunguo kwenye kiboksi chenye namba za siri ila lazima uwaambie mapema. Na uliza kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni ni mita ngapi na kuna kilima au hapana. Mita 900 kwenye ramani huzioni kitu, zitembee sasa na begi la kilo 23 la magurudumu kwenye theluji iliyokanyagwa ikawa barafu.

Nitaendelea na Vienna, ulizeni tu.

mwanaVingunguti:

Mkuu uzi mzuri sana. Swali langu la viza, hivi ubalozi wanakubali bukingi ya nyumba ya wageni ya kawaida au lazima hoteli yenye nyota? Kuna mtu wa kujaza fomu aliniambia guest house wanakataa.

kibosho_juu:

Mkuu huyo kakudanganya. Wanachotaka ni uthibitisho wa malazi kwa siku zote utakazokuwa ndani ya Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), wenye majina yenu wote wawili kama yalivyo kwenye pasipoti, anuani kamili ya nyumba, na tarehe zinazoendana na tiketi ya ndege na bima. Sisi tulitumia bukingi inayoruhusu kughairi bure, halafu mama mwenye nyumba nikamuomba atuandikie imeili yenye majina yetu, akaituma siku ileile. Kinachoangusha watu wengi ni siku ambazo hazina malazi, mtu ana usiku nne Vienna na usiku tatu Salzburg halafu katikati kuna usiku mmoja haujulikani kalala wapi.

Bima iwe na kiwango cha euro 30,000 kwenda juu kwa matibabu na kurudishwa nyumbani. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, watoto wa miaka 6 mpaka 11 nusu yake. Unaruhusiwa kupeleka maombi miezi 6 kabla ya safari na isipungue siku 15, ila kwa msimu wa Krismasi fanya mapema maana nafasi za miadi zinaisha. Na uchapishe bukingi kwenye karatasi, pale uwanja wa ndege afisa alituuliza mnalala wapi, nikatoa karatasi, akasoma anuani, akagonga muhuri.

Kitu kingine, ukifika kwenye nyumba utapewa fomu ya kujaza jina, uraia, namba ya pasipoti. Usiogope, ni sheria ya nchi yao, kila mgeni anasajiliwa. Na Salzburg kuna kodi ya mji inalipwa kwa kila mtu kwa kila usiku, mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni, iulizie.

bint_Malindi:

Assalam aleikum wana jukwaa. Mie niko Muscat na mume wangu twapanga kwenda huko huko mwezi wa kwanza inshallah na watoto wawili. Naona wasema nyama baridi kwenye kifungua kinywa, hiyo si nguruwe? Na kwa sisi wenye kuswali, nyumba kama hizo za watu wazee wataona vibaya? Pia nimesikia kuna mkate na soseji maarufu Salzburg waitwa Bosna, nikadhani ni chakula cha Waislamu wa Bosnia.

kibosho_juu:

Waaleikum salaam dada. Nyama baridi za pale mezani nyingi ni nguruwe kweli, hata zile nyembamba zinazofanana na ya ng'ombe. Waandikie kabla hujafika, waambie hamtumii nguruwe. Pale tulipolala kulikuwa na familia moja ya Kituruki, mama aliwawekea meza yao mayai, jibini, asali na nyanya, na kisu chao na ubao wao wa kukatia mkate mbali. Hakufanya makuu, alifanya kama kazi ya kawaida. Na hiyo Bosna usiile kabla ya kuuliza, kawaida ni soseji ya nguruwe kwenye mkate na vitunguu na bizari.

Habari ya kuswali sijaona tatizo, chumba ni chako. Wa Vienna humu wataongezea.

mjomba_wa_Danube:

Naongezea mimi niko Vienna miaka mingi, kwetu Tanga. Dada wa Muscat usiwe na wasiwasi kabisa. Austria Uislamu unatambuliwa na sheria tangu mwaka 1912, enzi za mfalme Franz Joseph, sababu walikuwa wameichukua Bosnia na wanajeshi wengi wa Kibosnia walikuwa kwenye jeshi lake. Kwa hiyo sio kitu kipya kwao. Vienna kuna kituo kikubwa cha Kiislamu Floridsdorf karibu na mto, mnara wake unaonekana, kilifunguliwa 1979. Nyama halali nenda soko la Brunnenmarkt wilaya ya 16, Waturuki wamejaa, utapata mpaka bamia na pilipili. Salzburg mji mdogo ila maduka ya Kituruki na Kibosnia yapo upande wa stesheni.

Kitu kimoja jipangeni nacho, vipindi vya swala majira ya baridi vimebanana. Adhuhuri inaingia saa 6 na kidogo, alasiri kabla ya saa 8 na nusu, magharibi saa 10 na robo tayari. Ukitoka matembezini ukasema utaswali ukirudi, mbili zimeshakupita. Nyumba ya wageni iliyo karibu na mji inawafaa nyinyi kuliko ya nje kabisa, mnarudi mchana mnaswali, watoto wanapata joto, mnatoka tena kuona taa.

Halafu mleta uzi hujasema habari za theluji ya mapaa. Mkiona fito mbili zimeegemezwa ukutani zimezuia njia ya miguu, msizivuke. Maana yake juu ya paa kuna theluji nzito inaweza kuteremka yote kwa mpigo, na ile sio pamba, inavunja bega la mtu. Pitieni upande wa pili wa barabara.

kibosho_juu:

Asante sana mjomba, hizo fito tuliziona tukawa tunajiuliza. Na umenikumbusha jambo. Nyumba ya wageni ya mtu mwenyewe utaijua uzuri wake saa 12 asubuhi. Sheria yao inamtaka mwenye nyumba asafishe njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba yake kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 4 usiku, theluji ikianguka yeye ndo anawajibika. Pale kwetu mzee, mume wa yule mama, kila alfajiri ilipoanguka theluji tulikuwa tunasikia sepetu linakwangua chini, kwaa, kwaa, halafu anamwaga kokoto ndogo ndogo kutoka kwenye ndoo ili watu wasiteleze. Siku aliyotuona tunatoka na viatu vya soli laini alituzuia mlangoni, akaingia stoo akatoka na vile vya kuvisha juu ya kiatu, mpira wenye vimisumari, akatuazima mpaka siku ya kuondoka. Hakutudai senti. Hoteli kubwa nani atakuangalia viatu?

otieno_wa_Kisumu_ndogo:

Sasa bro, mimi ninge-... wacha niseme tu wazi, na apatimenti je? Tuko watu wanne, familia, bibi anasema tutafute apatimenti tupike ugali wetu tuokoe pesa. Hizi pension si mnalipa vyumba viwili?

kibosho_juu:

Kaka kwa watu wanne apatimenti inaweza kuwa nafuu, sikatai, na unga mnaweza kubeba. Ila kwa safari ya siku chache wakati wa baridi angalia mambo haya. Apatimenti nyingi hukutani na mtu, ni namba za siri tu, joto likizima saa 5 usiku unabaki unaandika meseji. Wengine wanadai ada ya usafi ambayo ukiigawa kwa usiku mbili au tatu bei inapanda. Halafu Pension nyingi zina chumba cha familia, kitanda kikubwa na vidogo viwili, na mtoto mdogo wanapunguza, waandikie uulize, hicho chumba mara nyingi hakionekani kwenye apu. Nyingine zina jiko dogo la wageni. Mkikaa wiki mbili sehemu moja hapo ndo nitasema chukueni apatimenti.

Hosteli kwa kijana peke yake ni sawa, kwa familia hapana.

nyanya_chungu:

Mimi nisiwe mnafiki, nyumba za familia sio zote ziko hivyo. Nililala moja mji mwingine wa Ulaya sitautaja, chumba kilikuwa chini kabisa ya paa, redieta ya vuguvugu, mwenye nyumba anasema ndo kiwango, nikalala na koti na mzula kichwani. Na picha zilikuwa za kuvutia kweli kweli. Kwa hiyo watu wasije wakajiamini kisa umeandika mazuri.

kibosho_juu:

Pole sana dada na umesema kitu muhimu, ndo maana nimeandika waulizwe kabla. Naongezea namna ya kusoma maoni ya wageni. Usisome ya mwezi wa saba, nyumba yoyote inasifiwa kiangazi. Panga maoni ya Desemba, Januari na Februari tu, tafuta neno joto, baridi, maji ya moto, dirisha. Mtu aliyelala Januari akisema alilala vizuri huyo muamini kuliko mia waliolala Agosti. Na vyumba vya juu kabisa chini ya paa kwenye nyumba za zamani vinapoteza joto, omba ghorofa ya kwanza au ya pili. Ukifika ukakuta redieta ni ya vuguvugu chini na juu imepoa, mwambie mwenye nyumba kuna hewa ndani, kuna kikorokoro pembeni wanakifungua kwa ufunguo mdogo, inatoa pssss mpaka maji yatokee, ni kazi ya dakika mbili. Akikataa hata kuja kuangalia, hamia kwingine kesho yake.

Sasa Vienna kama nilivyoahidi. Kule Pension inakuwa ghorofa moja ndani ya jengo kubwa la makazi, chini kuna mlango mzito na ubao wa kengele wenye majina ya watu, unatafuta jina la Pension unabonyeza. Lifti ni ndogo, watu wawili na begi moja. Korido ndefu, dari iko juu sana, sakafu ya mbao inalia ukitembea, kwa hiyo usiku tembea taratibu, saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi wanataka utulivu kweli. Madirisha ni mawili mawili, moja ndani moja nje na nafasi katikati, na kwenye hiyo nafasi wameweka mto mrefu mwembamba kuzuia upepo unaopenya chini. Mke wangu aliutoa siku ya kwanza akidhani umesahaulika, baada ya nusu saa akauona umuhimu wake miguuni.

Kutoka uwanja wa ndege kuna treni ya haraka inaitwa CAT inatangazwa kila kona, ni ghali. Treni ya kawaida S7 inafika Wien Mitte hapo hapo kwa bei ndogo zaidi, inachelewa dakika chache tu. Maji kunywa ya bomba bila hofu, yanatoka chemchemi za milimani kwenye mfereji waliofungua 1873. Na usinunue maji ya chupa, hiyo hela nunua supu.

mjomba_wa_Danube:

Sahihi. Na Jumapili maduka yamefungwa mji mzima, msije mkafika Jumapili jioni nyumba haina mgahawa mkalala njaa. Yanayofunguliwa ni ya ndani ya stesheni kubwa za treni, na foleni yake ndefu. Nunueni Jumamosi, wekeni dirishani nje kama chumba hakina friji, baridi itatunza maziwa.

Keshi pia. Hizi nyumba ndogo na Gasthof za vijijini nyingine hawapokei kadi mpaka leo, uwe na euro mkononi za angalau usiku mmoja.

mwanaVingunguti:

Na nguo wakuu? Nimeangalia bei za makoti mtandaoni nimekata tamaa.

kibosho_juu:

Usinunue mapya mkuu. Sisi tulinunua Moshi pale Memorial, makoti ya manyoya ya bata ya mitumba, yanatoka huko huko Ulaya, tulichagua asubuhi mapema marobota yanapofunguliwa. Dar nenda Karume, Nairobi Gikomba. Kama una ndugu anayefanya kazi ya mlima, wapagazi na waongozaji wa Kilimanjaro wanajua wapi pa kukodi nguo za ndani za kubana zinazotunza joto, hizo ndo muhimu kuliko koti lenyewe. Kitu cha kununua kipya ni viatu, viwe na soli yenye meno na visipitishe maji, na soksi za sufu jozi mbili kwa kila mtu, unafua jioni unaanika juu ya redieta, alfajiri zimekauka. Ila muulize mwenye nyumba kwanza, wengine redieta za umeme hawaruhusu kuanika juu yake kwa sababu ya moto.

Bebeni mafuta ya mgando. Hewa ya ndani ni kavu mno, midomo inapasuka siku ya pili. Mama yetu alikuwa anaweka bakuli la maji juu ya redieta, nasi tukawa tunaweka taulo lililolowa.

otieno_wa_Kisumu_ndogo:

Na sehemu za kutembea, kwa baridi hiyo kuna nini kiko wazi kweli? Nisije nikapeleka watoto wakakaa ndani tu.

kibosho_juu:

Kaka hili ni la kupangilia. Pango la barafu la Werfen linafungwa majira ya baridi, linafunguka kuanzia Mei mpaka Oktoba, na zile chemchemi za kuchezea maji za kasri la Hellbrunn nazo hakuna. Ngome ya Hohensalzburg iko wazi, kuna treni ndogo ya kupanda kilima tangu 1892, watoto wataipenda. Untersberg unapanda na gari la kamba mpaka juu zaidi ya mita 1,700, siku ya mawingu mji umefunikwa wote halafu ukitoka juu ni jua na anga la bluu, ila angalia kwanza tarehe zao, kuanzia Novemba mpaka katikati ya Desemba huwa wanalifunga kwa ukarabati. Basi namba 150 inakupeleka maziwani, St. Gilgen mpaka Bad Ischl.

Na usafiri huo ulizia kwa mwenye nyumba tiketi ya mgeni. Tangu Mei 2025 mtu anayelala kwenye nyumba iliyosajiliwa mkoa wa Salzburg anapata usafiri wa umma wa mkoa kwa siku alizolala, mabasi na treni za kawaida. Yule mama alitutumia linki kabla hatujafika, tukajaza majina, tukapanda basi la 21 na lile la 150 bila kutoa kitu. Kwa familia ya watu wanne hiyo ni hela nyingi sana inabaki mfukoni, na kama anayekukaribisha hajui habari hiyo jiulize kama nyumba yake imesajiliwa.

bint_Malindi:

Shukran jazila. Nimewaandikia nyumba mbili za huko Moosstraße, mmoja kajibu baada ya saa moja, kasema chumba cha familia kipo na nguruwe hataweka mezani kwetu, ila mwisho wa kupokea wageni ni saa 1 usiku na ndege yetu yafika Munich, Ujerumani, saa 8 mchana. Twaweza kuwahi?

mjomba_wa_Danube:

Mnaweza dada ila msizubae. Mpaka mtoke na mabegi ni saa 9 na nusu, na pasipoti zenu sikuhizi wanachukua alama za vidole na picha pale mpakani kwa mfumo mpya wa kuingia na kutoka, wekeni saa nzima ya foleni. Kutoka Munich kuna tiketi ya siku nzima ya Bayern, yaani mkoa wa Munich, inabeba kikundi mpaka watu watano kwa tiketi moja ambayo bei yake inapanda kidogo kwa kila mtu anayeongezeka, na inafika mpaka Salzburg kwenye stesheni kuu kwa treni za kawaida. Siku za kazi inaanza kutumika saa 3 asubuhi kwa hiyo nyinyi mko sawa. Mtabadilisha treni pale Munich Ost, safari yote mpaka Salzburg ni kama masaa mawili na nusu na basi juu yake. Mtafika kwenye saa 1 au saa 1 na nusu. Muandikieni leo leo aache ufunguo kwenye kiboksi, na mumuombe awashe redieta ya chumba cha watoto kuanzia mchana.

bint_Malindi:

Namuandikia sasa hivi.